Robo moja ya mwaka, nusu ya mapato: Apple ilivyoitegemea iPod

Kuanzia Oktoba hadi Disemba 2005, kampuni ya Apple iliuza iPod zaidi ya milioni 14. Fedha zilizoingia kwa iPod hizo zilikuwa takriban dola bilioni 2.9, na mapato yote ya kampuni kwa miezi hiyo mitatu yalikuwa dola bilioni 5.75. Kwa lugha ya dukani, katika kila shilingi mbili zilizoingia kwenye droo, moja ilitokana na kidude cha kusikilizia muziki kinachoenea mfukoni mwa shati. Na hii ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1976 ili itengeneze kompyuta, ambayo wakati huo jina lake rasmi lilikuwa bado Apple Computer.

Swali la kisa hiki ni moja: Apple iliitegemea iPod kwa kiasi gani? Wengi watajibu kwa kuitaja hiyo hiyo nusu, kisha wafunge daftari. Mimi nimefanya kazi ya hesabu za maduka hapa Mjini Unguja kwa muda mrefu, na kipimo cha "bidhaa hii inaleta sehemu gani ya mauzo" ndicho ninachokisikia kila pahala, kuanzia Mlandege mpaka Mchangani. Naona kinapoteza watu. Kinamtia hofu asiye na haja ya kuogopa, na kinamlaza anayepaswa kuwa macho. Ndiyo maana nataka kulipitia jambo la Apple polepole, kisha niliweke karibu na duka moja la Darajani ninalolijua ndani na nje.

iPod ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 2001. Bei yake ilikuwa dola 399, ndani mna diski ndogo ya Toshiba ya gigabaiti 5, na ahadi yake ni nyimbo elfu moja mfukoni. Mwanzoni ilifanya kazi na kompyuta za Apple peke yake, na wenye kompyuta hizo walikuwa wachache. Katika mwaka wa hesabu wa 2002 (Apple hufunga mwaka wake mwisho wa Septemba) iPod zilizouzwa hazikufika laki nne. Zilileta dola milioni 143 katika mapato ya dola bilioni 5.7, yaani asilimia mbili na nusu. Mtu aliyezisoma hesabu hizo wakati ule angesema kwa haki kabisa kwamba hiki ni kitu cha pembeni.

Kilichobadilisha mambo ni vitu viwili vilivyotokea mwaka 2003. Mwezi wa Aprili Apple ilifungua duka la nyimbo mtandaoni, wimbo mmoja senti 99 za dola. Mwezi wa Oktoba ikatoa iTunes, programu yake ya kupanga na kununua nyimbo, kwa watu wenye kompyuta za Windows, ambao ndio wengi duniani. Huku kwetu duka lile halikuwa na maana kwa watu wengi, kwa sababu kadi ya benki ya kulipia mtandaoni ilikuwa ya wachache. Nyimbo zetu ziliendelea kutembea kwa kaseti, kisha sidii, kisha memori kadi. Lakini Marekani na Ulaya mlango ulifunguka. Mwaka 2004 ziliuzwa iPod milioni 4.4 na fedha zake zikawa asilimia 16 ya mapato. Mwaka 2005 zikawa milioni 22.5, na sehemu yake ikafika theluthi. Mwaka 2006 ziliuzwa milioni 39.4, zikaleta dola bilioni 7.7 katika bilioni 19.3. Hiyo ni asilimia 40. Mwaka huo huo kompyuta za Mac zilileta bilioni 7.4, kwa hiyo kampuni ya kompyuta ilikuwa inapata fedha nyingi zaidi kwenye iPod kuliko kwenye kompyuta. Ukijumlisha na mauzo ya nyimbo na vifaa vya muziki, karibu dola bilioni 1.9, unakuta muziki ulibeba nusu ya mwaka mzima.

Hapa pana jambo la kusimama kidogo. Tarakimu niliyoanza nayo, nusu ya mapato, ni ya robo mwaka ya Krismasi, wakati Wamarekani wananunuliana zawadi. Zaidi ya theluthi ya iPod za mwaka mzima wa hesabu wa 2006 ziliuzwa katika miezi hiyo mitatu. Robo mwaka moja haitoshi kumhukumu mfanyabiashara. Sisi Unguja tunalijua hili vizuri. Kisiwa kilipokosa umeme kwa karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, maduka ya simu yenye jenereta yaliishi kwa kuchaji simu za watu. Aliyefungua daftari la Januari 2010 angeona kwamba "kuchaji" ndiyo biashara yenyewe. Umeme uliporudi mwezi wa Machi, safu hiyo ikafutika na maduka yakabaki pale pale. Kwa hiyo nusu ile ya Disemba 2005 tuichukue kama ishara tu. Asilimia 40 ya mwaka mzima ndiyo yenye uzito.

Na asilimia 40 ni nyingi. Sitaki msomaji adhani ninaifanya nyepesi. Ndani ya hesabu zile zile mlikuwa na dalili za kutia wasiwasi wa kweli, na ukitaka kuziona gawanya tu fedha kwa idadi. Mwaka 2004 iPod moja iliiletea Apple wastani wa dola 296. Mwaka 2006 wastani huo ulikuwa dola 195. Idadi ilikuwa imeongezeka mara tisa, lakini fedha ziliongezeka kama mara sita tu. Watu walikuwa wananunua zile ndogo: iPod mini iliyotoka 2004, shuffle ya dola 99 iliyotoka Januari 2005, nano iliyotoka Septemba 2005. Kisha ukaja mwaka 2007, na kwangu huo ndio mwaka wa kuangaliwa kwa makini. Ziliuzwa iPod milioni 51.6, karibu theluthi zaidi ya mwaka uliotangulia. Fedha ziliongezeka kwa asilimia 8 tu. Mfanyabiashara yeyote anaijua hali hiyo: unahangaika zaidi, unapakia na kupakua zaidi, na mwisho wa mwezi droo ni karibu ile ile. Bidhaa ilikuwa imefika karibu na kilele chake, ingawa kwa idadi ilionekana inakimbia.

Dalili ya pili ilikuwa nje ya daftari. Simu zilikuwa zinajifunza kuimba. Sony Ericsson ilitoa simu zake za Walkman mwaka 2005, na baada yake zikaja Nokia za XpressMusic ambazo vijana wa Michenzani walizinunua kwa hamu. Mtu mwenye simu inayopiga muziki, mwenye memori kadi ndani yake, hana haja ya kubeba vitu viwili. Steve Jobs mwenyewe, mkuu wa Apple wakati huo, aliliona hilo. Aliwaambia wenzake kwamba simu zenye kamera zimekwishaanza kuua soko la kamera, na kwamba iPod inaweza kufikwa na yale yale. Jaribio la kwanza la Apple lilikuwa kushirikiana na Motorola katika simu ya ROKR, iliyotoka Septemba 2005 ikiwa na iTunes ndani. Simu hiyo ilifungwa isichukue zaidi ya nyimbo 100. Ukiitazama leo unaona wazi kwamba aliyeifunga hivyo alikuwa bado anailinda iPod.

Tarehe 9 Januari 2007 ulinzi huo ukaondolewa. Jobs alipanda jukwaani San Francisco akaitambulisha iPhone kama vitu vitatu katika kimoja: iPod ya kioo kipana inayoendeshwa kwa vidole, simu, na chombo cha intaneti. Siku hiyo hiyo neno Computer likatolewa kwenye jina la kampuni. Ilipoanza kuuzwa tarehe 29 Juni, Apple ilikuwa imeweka sokoni, kwa mikono yake, kitu kitakachoiua bidhaa iliyoleta asilimia 40 ya fedha zake mwaka uliopita. Na haikuwa mara ya kwanza kwao kufanya hivyo. Septemba 2005 waliiondoa iPod mini ikiwa ndiyo inayouzwa kuliko zote, wakaweka nano mahala pake.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikipende kisa hiki. Watu hudhani sehemu ya iPod katika mapato ilishuka kwa sababu iPod ilianguka. Si hivyo, angalau si kwa miaka ya mwanzo. Mwaka 2008 iPod iliingiza fedha nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake, dola bilioni 9.15 kwa vidude milioni 54.8, na bado sehemu yake ilishuka mpaka asilimia 28. Mwaka 2010 iliingiza bilioni 8.3, zaidi ya ilivyoingiza 2006, na sehemu yake ikawa asilimia 13. Bidhaa ilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba vyengine vilivyokuwa kando yake vilikua kwa kasi kuliko yeye. Kuanguka kwenyewe kulikuja baadaye: bilioni 5.6 katika mapato ya bilioni 156.5 mwaka 2012, na bilioni 2.3 katika bilioni 182.8 mwaka 2014, asilimia moja na kidogo. Kuanzia mwaka wa hesabu wa 2015 haikupewa tena hata mstari wake katika ripoti. Ilitiwa kwenye fungu la bidhaa nyengine. iPod touch, ya mwisho kubaki, ilisitishwa Mei 2022.

Kwa wanaopenda hesabu kama mimi, pana mtego mmoja ndani ya tarakimu hizi. Miaka ya mwanzo Apple haikuandika fedha za iPhone zote siku ya kuuza. Kwa kuwa iliahidi kuwapa wanunuzi maboresho ya programu bila malipo, kanuni za uhasibu ziliitaka igawe mapato ya kila simu kwa miezi 24. Kwa hiyo mapato ya 2008 yaliyotangazwa, bilioni 32.5, yalikuwa madogo kuliko biashara iliyofanyika. Hesabu hizo zilipoandikwa upya mwanzoni mwa 2010 zikawa bilioni 37.5, na sehemu ya iPod ya 2008 ikashuka kutoka asilimia 28 mpaka kama 24, bila ya iPod yenyewe kubadilika hata moja. Asilimia ina juu na chini, na anayeibadilisha chini hana haja ya kugusa juu.

Sasa kwa nini Apple haikuumia? Jibu jepesi ni kusema walikuwa na bahati ya iPhone. Mimi naliona jibu chini ya bidhaa yenyewe. Novemba 2005, katikati ya robo mwaka ile ile, Apple ilitangaza mikataba na watengenezaji watano wa memori, yaani Hynix, Intel, Micron, Samsung na Toshiba, ya kuhakikishiwa mzigo mpaka mwaka 2010, na ikatoa dola bilioni 1.25 za malipo ya awali. Aliyezitazama fedha hizo kwa wakati ule angeona kampuni inajifunga zaidi na zaidi kwa iPod. Lakini memori inayohifadhi nyimbo ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye simu. Duka la nyimbo lililofunguliwa kwa ajili ya iPod lilikuwa na wateja waliokwishaandikisha kadi zao za benki, na mwaka 2008 likaanza kuwauzia programu za simu. Uzoefu wa kutengeneza kitu kidogo, chembamba, kinachokaa na betri, ulikuwa mikononi mwa watu wale wale; Tony Fadell aliyeongoza kazi ya iPod alikuwamo katika kazi ya iPhone. Kidude kiliondoka, lakini kila kilichojengwa ili kidude kiweze kuuzwa kilihamia kwenye simu. Hapo ndipo ninapopima utegemezi: bidhaa ikiondoka kesho, nini kitabaki mkononi mwako?

Mwenzao hakuwa na jibu zuri. Creative ya Singapore ilitoa kicheza muziki cha diski, Nomad Jukebox, mwaka 2000, kabla ya iPod. Ilikuwa na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na Agosti 2006 Apple ilikubali kuilipa dola milioni 100 kumaliza kesi. Katika makubaliano hayo Creative ikapata pia nafasi ya kutengeneza vifaa vya kutumiwa na iPod. Fikiri hali hiyo: aliyetangulia sokoni anaingia katika kuuza spika na hedifoni za bidhaa ya mshindani wake. Creative haikuwa na duka la nyimbo la nguvu ile wala haikuwa na simu ya kuhamia. Simu zilipochukua muziki, ilichukuliwa biashara yake.

Niingie Darajani sasa.

Mtoto wa kaka yangu ana duka dogo la simu upande wa Mkunazini. Ni makabati mawili ya kioo, meza yenye kompyuta, na ukuta uliojaa kava na chaja zilizotundikwa. Kwa miaka kadhaa alikuwa na kazi moja ambayo hata kwenye bango la duka haikuandikwa: kuweka nyimbo. Mtu analeta memori kadi au flashi, anachagua taarab, kaswida, bongo fleva au visomo vya Qur'ani, analipa, anaondoka. Aliniita nimsaidie kupanga hesabu kwa sababu alitaka kuiacha kazi hiyo na meza ile aweke kabati la tatu la simu.

"Ami, nyimbo si kitu," aliniambia, na kidole chake kiko kwenye daftari. "Tazama hapa. Simu mbili nikiuza zinazipita nyimbo za mwezi mzima."

Na kweli, safu ya nyimbo ilikuwa nyembamba. Kwa kipimo cha sehemu ya mauzo duka lile halikuzitegemea nyimbo hata chembe. Nikamwambia, "Sawa, baba. Lakini hebu nioneshe, mtu anayekuja kuweka nyimbo anaondoka na nini?"

Daftari halikuwa na jibu, ikabidi nikae dukani nitazame. Alasiri moja aliingia dereva wa daladala na flashi ya gari. Alitaka taarab za zamani, zile abiria wa kikubwa wanazozipenda, na akakaa kwenye stuli huku mashine inanakili. Kunakili huchukua muda, na mtu aliyekaa hutazama ukutani. Akaulizia waya wa chaja, akaujaribu kwenye simu yake, akaununua. Kisha akatoa mfukoni simu ya mkewe iliyopasuka kioo akauliza kubadilisha ni kiasi gani. Akaiacha. Nyimbo zake zilikuwa fedha ndogo kabisa katika ziara ile. Waya na kioo vilikuwa na faida ya kweli, na katika daftari viliandikwa katika safu nyengine kabisa, kama vile vimeletwa na mtu mwengine.

Baadaye bando za intaneti zikashuka bei na simu janja zikaenea. Watu wakawa wanasikiliza YouTube au wanarushiana nyimbo simu kwa simu. Safu ya nyimbo ikaanza kufa yenyewe. Kilichomshangaza mwanangu ni kwamba chaja, memori kadi na matengenezo navyo vilishuka, hata simu, na hapakuwa na duka jipya lililofunguliwa jirani. Mimi haikunishangaza. Mtu aliyekuwa akija kila wiki mbili kubadilisha nyimbo alikuwa anaziona simu mpya kabatini kila wiki mbili. Sasa anakuja simu ikiharibika, na siku hiyo anaingia duka lolote lililo karibu na kituo cha daladala.

Kwa hiyo tuna biashara mbili zilizo kinyume kabisa. Apple ilikuwa na bidhaa iliyoleta asilimia 40 ya mapato, ikaondoka, na kampuni ikawa kubwa zaidi. Duka la Darajani lilikuwa na huduma ambayo kwenye mauzo haionekani, ikaondoka, na duka zima likayumba. Angepima kwa sehemu ya mauzo peke yake, mtu angemwonea huruma Apple na kumpongeza mwanangu.

Na nilipouliza swali langu lile, nini kimebaki mkononi, jibu la dukani lilikuwa chungu. Nyimbo hazikuwa zake. Hazikuwa za duka lolote kati ya yale yaliyokuwa yakifanya kazi hiyo mjini. Zilikuwa za waimbaji na wapigaji wa vikundi vyetu, na hakuna hata senti moja iliyowafikia. Hili linaniuma na nalisema wazi. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905. Ina historia ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Visiwa vyenye hazina hiyo vingeweza kuwa na maduka yanayouza nyimbo kwa makubaliano na wenyewe, kila flashi ikitoa fungu kwa kikundi. Duka lingekuwa na mkataba, na mkataba ni kitu kinachobaki hata flashi ikipitwa na wakati. Apple haikuandika wimbo hata mmoja, lakini ilikaa mezani na makampuni ya muziki ikakubaliana nayo bei na mgao. Makubaliano hayo ndiyo yaliyovuka kwenda kwenye simu.

Majina ya wateja hayakuwapo pia. Watu walikuja kwa miaka, na hakuna palipoandikwa nani anapenda nini wala namba yake ya simu.

Wazee wa Pemba hawahitaji mfano wa Marekani kulielewa hili, kwa sababu karafuu iliwafundisha. Kwa miongo mingi karafuu ndiyo iliyoingiza sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni za Zanzibar, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara za kretek pamoja na tumbaku. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 ilikuwa inajitosheleza. Bei ikaporomoka. Ukubwa wa sehemu ya karafuu katika mapato haukuwa tatizo peke yake. Tatizo ni kwamba mnunuzi aliweza kuizalisha mwenyewe, kwamba mkulima wa Wete au Mkoani hakuweza kuuhamisha mkarafuu uwe kitu chengine, na kwamba alikuwa anauza kwa shirika moja la serikali kwa bei asiyoipanga. Mti unaochukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa hauhami pamoja na soko. Ukimwuliza mkulima yule nini kitabaki mkononi karafuu ikianguka, angekuonesha ardhi na mti, na mti wenyewe ndio ulioanguka bei.

Apple nayo haikumaliza utegemezi, ilihama nao. Mwaka wa hesabu wa 2015 iPhone ilileta dola bilioni 155 katika bilioni 233.7, theluthi mbili, sehemu kubwa kuliko iPod ilivyowahi kufika katika mwaka wowote. Hatari yake ilionekana tarehe 2 Januari 2019, Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, alipowaandikia wanahisa kwamba mapato ya robo mwaka yatakuwa kama bilioni 84, chini ya zile 89 hadi 93 walizoahidi, akitaja zaidi hali ya China na watu kuchelewa kubadilisha simu. Siku ya pili hisa zilishuka kwa karibu asilimia 10. Mwaka 2024 iPhone ilikuwa imerudi mpaka karibu nusu ya mapato, bilioni 201 katika 391, na huduma, yaani programu, nyimbo na mfano wa hivyo, zilifika bilioni 96. Wapo wanaozisoma tarakimu hizo kama ushahidi kwamba kampuni imejitanua. Nakubaliana nao kwa nusu tu. Huduma nyingi katika hizo hununuliwa na mtu mwenye iPhone mkononi. Ni kama waya wa chaja wa yule dereva: umeandikwa safu nyengine, lakini aliyeuleta ni yule yule. Ningekuwa mwanahisa, ningetaka kujua huduma hizo zitabaki kiasi gani mtu akihamia simu ya kampuni nyengine.

Duka la Darajani nalo sasa linaishi kwa vitu viwili, uwakala wa kutuma na kupokea pesa na matengenezo ya simu. Uwakala unajaza watu, na kwa hilo umechukua nafasi ya nyimbo. Kamisheni yake hupangwa na kampuni ya simu. Ikiamua kuipunguza, mwanangu atasikia kwa ujumbe mfupi. Nimemshauri auchukulie uwakala kama njia ya kuwaleta watu, faida aitafute kwenye matengenezo, kwa kuwa ujuzi wa kufungua simu na kubadilisha kioo ni wake na simu za kila kampuni zinaharibika. Amenunua mashine ya kuondolea vioo na amemweka kijana wa kujifunza.

Daftari nalo tumelipanga upya. Mauzo yana safu yake na faida ina yake, na mwisho wa mstari pana safu ya tatu anayoijaza kwa neno moja tu kila mteja anapotoka: alikuja kufuata nini. Mwanzoni ilimchosha. "Ami, hii ya tatu inanichelewesha, watu wamepanga foleni," alilalamika. Nikamwambia awe anaandika herufi moja, P kwa pesa, M kwa matengenezo, K kwa kava na chaja. Mwisho wa mwezi tunahesabu herufi kabla ya kuhesabu shilingi, na mwezi uliopita ilionekana kwamba wengi wa walioacha simu zao kutengenezwa walikuwa wameingia kwa ajili ya P.